Baba Imani Anataka Gari

Kikundi: Watoto wa Mama
Jumapili usiku

20:12 Baba Imani: Hamjambo nyote. Shikamoo Mama. Nina neno kabla sijatia sahihi popote. Akiba yangu kwenye Sacco imefika 210,000, nao wanakopesha mara tatu. Hiyo ni 630,000. Kuna gari dogo nimeliona hapa Nakuru, limetumika ila liko safi. Natoka Lanet saa kumi na moja na nusu alfajiri, nashuka mjini, nasubiri matatu ya Njoro. Jioni ni vivyo hivyo, na mvua ikinyesha watu hupigania milango. Nikifika nyumbani Imani amelala. Wiki hii nimemkuta macho siku mbili tu.

20:15 Mama: Marahaba mwanangu. Juzi aliniambia kwa simu, baba hulala kazini. Nilikosa la kumjibu.

20:18 Rehema: Pole kaka. Nauli unatumia ngapi?

20:19 Baba Imani: 150 kwenda, 150 kurudi. Siku 22 kwa mwezi.

20:27 Rehema: Hiyo ni 6,600. Sasa gari. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 60. Likienda kilomita 15 kwa lita, unachoma lita 4 kila siku. Weka petroli 180, ni 15,840 kwa mwezi. Sijagusa bima, maegesho, oili wala matairi. Mkopo nao, riba ya asilimia 1 kwa mwezi kwenye salio linalopungua, miaka 4, utakatwa kama 16,600. Inapita 32,000. Toa nauli, bado umeongeza zaidi ya 25,000 kila mwezi.

20:28 Baba Imani: 😔

20:36 Kaka Kisumu: Mdogo wangu, mimi nimepita hapo. Gari langu la kwanza lilikuwa la mkopo wa Sacco kama huo. Nilikuwa naenda nalo Maseno kila siku na nilifurahi, sitadanganya. Mwezi wa saba giaboksi ikafa. Fundi wa kwanza akala pesa, wa pili akasema nitafute nyingine. Nikarudi kwenye matatu huku nalipia gari lililolala chini ya mwembe. Kilichoniuma zaidi ni wadhamini wangu, walimu wenzangu watatu. Nilipochelewesha malipo walikatwa wao. Mmoja alikuwa na mtoto wa kupeleka shule ya bweni. Mpaka leo nikimwona naona haya.

20:39 Rehema: Na ile 210,000 haitoki mpaka umalize deni. Imani akiugua usiku utashika nini? Una kitu pembeni?

20:41 Baba Imani: 38,000, kwenye ule mfuko wa kuwekeza kwa simu.

20:42 Kaka Kisumu: Ikifika 50,000 nunua hati za hazina za serikali, zile za siku 91. Yaani unaikopesha serikali, nayo inakurudishia na riba.

20:44 Rehema: Hapana kaka. Hiyo ni ya dharura, ikae mahali inapotoka haraka. Hati zitakuja baadaye. Riba hukatwa kodi ya asilimia 15, kwenye mfuko na kwenye hati pia.

20:50 Mama: Mimi hati sizijui. Najua baba yenu alirudi na baiskeli jua halijazama, mkamkimbilia hadi barabarani. Nyumba ilikuwa na vumbi na choo kilikuwa mbali, lakini tulikaa karibu na kazi yake.

21:04 Mama Imani: Shikamoo Mama. Nilikuwa nasoma tu. Baba Imani, tuko Lanet kwa sababu ndipo tulipoanzia, na hatujawahi kuzungumzia kuhama. Tukipanga Njoro, wewe utatembea kwenda kazini. Mimi nitapanda matatu moja hadi dukani, 100 kwenda na 100 kurudi. Leo nyumba yetu inatumia 400 kwa siku kwa nauli, 300 zako na 100 zangu, itakuwa 200. Imani anaanza chekechea Januari na hatujalipa popote.

21:06 Baba Imani: Utachelewa kufungua duka.

21:09 Mama Imani: Nitafungua saa tatu, asubuhi wateja ni wachache. Jioni nitachelewa kufika, hilo ni kweli. Lakini utakuwa naye wewe. Utampikia na kumwogesha.

21:10 Rehema: Wifi 🙏🏾

21:13 Kaka Kisumu: Hili hatukuliona sisi wote.

21:20 Baba Imani: Gari bado nalitaka, sitaficha. Lakini nikifika nyumbani saa kumi na moja jioni, nitakuwa nimepata nilichokuwa nakitafuta kwenye hilo gari. Kesho nitamwambia mwenye gari amuuzie mtu mwingine.

21:22 Rehema: Endelea kulitaka. Weka 10,000 kila mwezi, miaka mitatu ni 360,000 kabla ya riba, na hakuna mdhamini atakayekatwa.

21:24 Mama Imani: Jumamosi natafuta nyumba. Rehema twende wote?

21:24 Rehema: Nitakungoja stejini saa mbili.

21:31 Mama: Tafuteni ya chini, ngazi zinanishinda. Nataka kuja Desemba nilale chumba kimoja na Imani.