Nimeacha sigara, je, na bia niiache?

Swali, kutoka kwa mkazi wa Kirumba, Mwanza
Ndugu zangu, ni miezi kadhaa sasa sijavuta sigara, na siku za kazi hapa mwaloni zinapita salama. Taabu huanza Jumamosi jioni, tunapokaa kandokando ya ziwa tukisubiri sato wa kuchoma: chupa ya kwanza hainisumbui, lakini ikifika ya pili na jirani akawasha, mkono wangu huanza kupapasa mfuko wa shati. Bia sina nia ya kuiacha, kwa kuwa ndiyo inayotukutanisha. Je, naweza kuacha kimoja nikabaki na kingine?

Jibu, kutoka kwa muuguzi, Ilemela
Inawezekana, ingawa si rahisi. Nikotini, yaani kilevi kilichomo kwenye sigara, na pombe huchochea dopamini, kemikali ya kujisikia raha, katika ubongo, na ubongo uliozoea kuvipata pamoja huvidai pamoja. Isitoshe, pombe hulegeza ule uamuzi uliouweka ukiwa mkavu. Arosto, yaani hamu na usumbufu wa kukosa sigara, huwa kali zaidi siku 3 za mwanzo, kisha hupungua ndani ya wiki 2 hadi 4, na ningemshauri anayeanza leo aipumzishe bia kipindi hicho. Wewe umekwisha kukivuka, hivyo kilichobaki zaidi ni mazoea ya mahali na ya mkono. Ukipata bigijii za nikotini za kusaidia kuacha sigara, ambazo Shirika la Afya Duniani liliziweka katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2009, usizitafune huku unakunywa, kwa sababu bia, soda na kahawa hupunguza nikotini inayofyonzwa mdomoni. Ngoja dakika 15 hivi. Fahamu pia kwamba anayetumia vyote viwili yumo katika hatari kubwa zaidi ya saratani ya koo na ya mdomo kuliko anayetumia kimoja.

Jibu, kutoka kwa mzee wa Igoma
Mdogo wangu, hizo bigijii maduka ya huku kwetu sijaziona. Mtego wako ni sigara za moja moja, maana humdai mtu sarafu tu, wala hajioni kama amerudia kuvuta. Waambie wenzako mapema, kabla chupa hazijafunguliwa, kwamba asikupe mtu hata ukiomba; ukiwaambia baadaye watacheka na kukupa.

Mwuliza swali
Shikamoo mzee, na ahsante muuguzi. Jumamosi nitakaa upande wa jiko, na kila chupa nitaifuatishia maji. Anayejua duka la dawa hapa mjini lenye bigijii hizo anielekeze.