Nani mwingine anatamani gitaa jipya la umeme lenye tumbo tupu kabisa, ila dogo?

UziMnene:

Wakuu, habari za humu. Swali langu linahusu magitaa ya umeme yenye tumbo tupu. Nasema tupu kabisa, si nusu.

Kila kampuni inapotangaza gitaa jipya lenye matundu ya f, yaani matundu ya sauti yenye umbo la herufi hiyo, mimi ni wa kwanza kufungua picha. Naangalia rangi, naangalia kichwa, halafu nashuka kwenye maelezo ya mbao na kukuta yale yale: kuna gogo limepita katikati, kutoka shingoni hadi mkiani. Sababu naielewa. ES-335, gitaa la Gibson la mwaka 1958, ilitengenezwa hivyo makusudi, gogo katikati na mbawa tupu pembeni, ili mtu asimame mbele ya amplifaya kubwa bila gitaa kuanza kupiga mluzi. Ni gitaa zuri, sina ugomvi nalo. Lakini mimi zaidi ya nusu ya muda napiga bila kuchomeka waya. Alfajiri, kabla nyumba haijaamka, nakaa ukingoni mwa kitanda, napitisha kidole gumba kwenye uzi wa sita, na mbao ya nyuma inatetema mpaka naisikia mbavuni. Hapo ndipo siku yangu inaanzia. Gitaa lenye gogo halinipi kitu hicho.

Nililonalo sasa ni la umbo la kizamani, jamii ya ES-175 iliyotoka 1949: upana inchi 16, kina karibu sentimita 8.5. Sauti yake naipenda kupita kiasi. Shida ni bega. Mimi ni mfupi, na mkono wa kulia unalazimika kupanda juu ya ukingo ndipo vidole vifike kwenye nyuzi. Saa moja ikipita, bega linawaka moto. Niliazima Casino, gitaa la Epiphone, kwa wiki mbili. Nayo ni tupu kabisa, kina chake kama sentimita 4.5, na bega lilipata nafuu. Ila ile besi ya mbao ilipungua, na upana ni ule ule wa inchi 16.

Kwa hiyo ninalolitamani ni hili: upana inchi 14, kina sentimita 6 au 7, tupu kabisa, pikapu (sumaku inayonasa mtetemo wa nyuzi) moja tu ya aina ya P-90 karibu na shingo, kitufe kimoja cha sauti na kimoja cha toni. Na briji, kile kipande kinachobeba nyuzi juu ya uso wa gitaa, iliyoshikizwa kwa pini.

Hapo kwenye pini nina kidonda kibichi. Mwezi uliopita nilibadilisha nyuzi zote kwa mpigo, jioni ile ile ya kupiga na bendi. Uzi wa mwisho ulipolegea, briji ikaniangukia mapajani. Nikairudisha kwa macho, nikifuata alama ya vumbi kwenye vanishi. Nyuzi zikipigwa wazi zilikuwa sawa kabisa. Nilipopanda freti (vile vyuma vya shingoni) ya tisa, kila noti ikawa juu kidogo, na mpiga kinanda akageuza shingo kunitazama. Nilipiga onyesho zima chini ya freti ya tano.

Je, niko peke yangu? Na nyie, lingetoka jipya leo, mngetaka liwe na nini?

FundiMbao:

Hauko peke yako, dada.

Nianze na briji kwa sababu hiyo inatibika leo. Usitoe nyuzi zote kwa pamoja. Badilisha mmoja mmoja, zilizobaki zitaikandamiza mahali pake. Ikibidi uzitoe zote, zungushia miguu ya briji utepe wa karatasi kwanza. Na kama imeshasogea, vumbi halitakusaidia, sikio ndilo litakusaidia. Gusa uzi bila kuubonyeza juu ya freti ya 12 upate ile noti ya kengele, halafu bonyeza uzi kwenye freti hiyo hiyo upige kawaida. Noti ya kubonyeza ikiwa juu, sogeza briji nyuma kuelekea mkiani. Ikiwa chini, isogeze mbele. Fanya hivyo kwa uzi wa kwanza, kisha wa sita. Briji itakaa mshazari kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Pini mbili anaweza kuziweka fundi yeyote mwenye mkono uliotulia, lakini ukishatoboa umetoboa, kwa hiyo kwanza uwe umeamua unene wa nyuzi utakaobaki nao.

Sasa gitaa lako la ndoto. Mluzi unatokea kwa sababu spika inaisukuma hewa, hewa inaitikisa mbao ya juu, mbao inazitikisa nyuzi, na pikapu inazisoma upya na kuzirudisha kwenye spika. Mzunguko huo haukomi mpaka mtu auvunje. B.B. King, yule mpiga blues, alikuwa akijaza kitambaa kwenye matundu ya f, na Gibson walipomtengenezea modeli ya Lucille waliyaziba matundu kabisa. Njia nyingine ni mbao yenyewe. ES-175 ina uso wa mbao za tabaka, zimegundishwa na kukandamizwa, na kwa hiyo ni mkaidi zaidi mbele ya spika kuliko L-5, gitaa jingine la Gibson, yenye uso wa sprusi uliochongwa kutoka ubao mzima. Kwa mtu anayepiga na dramu, omba tabaka.

Udogo pia unawezekana, usikubali kuambiwa ni ndoto. Kampuni ya Ibanez ililitoa gitaa la GB10 la mpiga jazi George Benson mwishoni mwa miaka ya 1970. Ni tupu, dogo kuliko ES-175, na pikapu zake zinaelea, hazikukatiwa dirisha kwenye uso wa gitaa. Mimi ningependa kuona wazo hilo likirudi na P-90 inayoelea. Kukata tundu kubwa katikati ya uso wa gitaa dogo ni kulinyang'anya sauti ile ile unayoifuata alfajiri.

Kandamoja:

Kwa heshima zote, UziMnene, inchi 14 utaijutia. Besi unayoisikia mbavuni inatokana na hewa iliyomo tumboni pamoja na mbao yenye nafasi ya kutembea. Ukipunguza upana na kina kwa pamoja, unapunguza vyote viwili. Mimi ninapiga rithimu miaka mingi na bado naamini tumbo kubwa halina mbadala.

Bega lako linaumizwa na ukingo zaidi kuliko ukubwa. Kuna mafundi wa magitaa makavu, yasiyo ya umeme, wanaochonga ukingo mshazari pale mkono unapolala, na mtu anapumua kabisa. Kwa nini isiwe kawaida kwenye magitaa ya umeme ya tumbo tupu? Mimi nikipewa kalamu naandika hilo tu: inchi 16, kina kile kile, ukingo umechongwa.

Na kampuni kusikiliza wapigaji si jambo geni. Byrdland, gitaa la Gibson la mwaka 1955, ilizaliwa hivyo. Wapiga gitaa Billy Byrd na Hank Garland walitaka mwili mwembamba na uzi mfupi kati ya shingo na briji, wakapewa kina kidogo na uzi wa inchi 23.5, na jina likaunganishwa kutoka kwao wawili.

KushotoTu:

Naomba niongeze sauti ya sisi wa mkono wa kushoto. Nyie mnabishana inchi, sisi tunatafuta kama lipo. Gitaa lenye mkato mmoja, ile sehemu ya mwili iliyokatwa kando ya shingo ili mkono ufike noti za juu, ukiligeuza, mkato unakuja juu, ambako hauna kazi, na kiganja kinagonga bega la gitaa ukitaka noti za juu. Vitufe navyo vinakaa chini ya mkono unaopiga. Ndiyo maana wengi wetu tunaishia kwenye mikato miwili. Paul McCartney wa Beatles alipiga Casino ya mkono wa kulia iliyogeuzwa nyuzi, na ikawezekana kwa sababu pembe zake ni sawa pande zote mbili.

Ombi langu kwa gitaa lolote jipya: litoke la kushoto siku ile ile linapotoka la kulia. Na vitufe vichache kama UziMnene alivyosema, maana kila kitufe ni kitu kingine cha kugonga kwa kiwiko.

UziMnene:

Nimerudi, wakuu, na asanteni kwa dhati.

FundiMbao, nimefanya kama ulivyoelekeza. Briji yangu ilikuwa imekaa mbele kwa milimita tatu. Milimita tatu tu! Nimeirudisha nyuma, sasa freti ya 12 na ile noti ya kengele ni kitu kimoja kwenye nyuzi zote isipokuwa wa tatu, ambao una ubishi wake. Nimeweka alama mbili za penseli chini ya miguu yake. Pini nitangoja kwanza.

Kandamoja, maneno yako yalininyima usingizi. Jana nilichukua kadibodi, nikakata maumbo matatu, inchi 14, 15 na 16, nikayagundishia pembeni vipande vya povu vya sentimita 7 ili nipate kina, kisha nikakaa na kila moja nusu saa mapajani. La 14 lilinitelezea, goti halina pa kulishikilia. La 16 bega likaanza. Kwenye la 15 niliuchonga ukingo mshazari kwa kisu, mkono ukalala, na nikasahau kwamba ninapiga kadibodi. Kwa hiyo nabadilisha ombi: inchi 15, ukingo wa Kandamoja, uso wa tabaka na P-90 inayoelea ya FundiMbao.

KushotoTu, umbo la 15 lina mkato mmoja. Nimeligeuza na kujaribu kufika freti ya 15 nikiwa upande wako, kiganja kikagota pale pale ulipoeleza. Usiku huu nakata lingine lenye mikato miwili. Nipe upana wa kiganja chako, kuanzia kidole gumba hadi cha mwisho.