Deki ya kaseti ya mtumba: nichukue ipi kwa kanda za marehemu mzee?

mtoto_wa_mwalimu

Mbukwenyi wakuu. Na msiokuwa Wagogo nawasalimu pia.

Marehemu baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Bahi, na alikuwa na redio kaseti aliyoilinda kuliko baiskeli yake. Ametuachia sanduku la bati lenye kaseti 43. Nyingi ni za dakika 60, chache za 90, zote zina mwandiko wake ule wa ubaoni: "Muheme, mavuno" (muheme ni ngoma ya Wagogo), "Harusi ya dada", "Zeze, mzee wa jirani". Kisha zipo kama tisa zimeandikwa "Barua" tu. Alikuwa anaongea humo, anampa kondakta wa basi, kaka yake Dar anaisikiliza na kurekodi jibu upande wa pili. Hizo ndizo zinanikosesha usingizi.

Nataka kuziingiza kwenye kompyuta mwaka huu, maana mama yangu bado anawatambua wanaoimba humo. Mimi siwatambui.

Nimezunguka Majengo na Sabasaba hapa Dodoma wiki nzima. Kuna deki ya milango miwili, inageuza upande yenyewe, taa zote zinawaka kama disko, 90,000. Kuna Technics ya mlango mmoja, kioo kina ufa, imejaa vumbi, 120,000. Kuna jamaa Dar ana yenye hedi tatu (vile vichwa vinavyosoma na kurekodi mkanda) anataka 400,000, ataituma kwa basi, ila siwezi kuisikiliza kwanza. Na mwenzangu ofisini ananicheka: nunua kile kimashine cha plastiki cha kuchomeka USB, 55,000, umalize.

Jambo la pili. Nilijaribu "Barua" moja kwenye redio ya jirani. Mwanzo baba anaongea vizuri kabisa. Dakika kama ya 20 sauti inaanza kuwa nyembamba, mwishoni anaongea mbio kama katuni. Watoto wakacheka, mimi nikatoka nje. Kaseti imeharibika?

fundi_mstaafu

Kijana wangu, pole kwa mzee. Kaseti haijaharibika. Betri zilikuwa zinamwishia.

Mota ya redio ikikosa nguvu, mkanda unapita polepole wakati wa kurekodi. Wewe leo unaucheza kwa mwendo kamili, kwa hiyo kilichorekodiwa taratibu kinatoka mbio na sauti inapanda. Nimewatengenezea walimu wengi wa vijijini redio hizo. Betri zilikuwa ghali, mtu anazianika juani juu ya bati zipate uhai kidogo, anarudi kumalizia barua. Sehemu hiyo hurekebishwa kwenye kompyuta, kipande kwa kipande.

Kuhusu deki: usinunue taa. Ile inayogeuza upande yenyewe, hedi yake inazunguka au kuhama kila inapogeuza, na ikizeeka hairudi palepale. Hedi ikikaa upande hata kidogo, sauti inazibwa kama mtu anaongea ndani ya blanketi. Hedi tatu nayo ni sifa ya mtu anayerekodi: ile ya tatu inamsaidia kusikia papo hapo alichorekodi. Wewe unacheza tu, 400,000 ya nini? Na hicho kimashine cha plastiki hakina gurudumu zito la kutuliza mwendo. Zeze la mzee wa jirani litayumba kama mlevi.

Kaiangalie Technics. Ufa wa kioo hausikiki. Ila nenda na kaseti yako usiyoijali, yenye muziki wa sauti ndefu zilizotulia, kinanda cha kanisani kinafaa sana. Icheze mwanzo wa mkanda, kisha peleka hadi karibu na mwisho, maana deki iliyochoka inaumbuka pale gurudumu moja linapojaa. Rudisha mkanda wote, usikilize kama unasuasua. Fungua mlango uione rola ya mpira: iking'aa kama kioo au ikiwa na bonde, imekwisha. Na muulize belti zilibadilishwa na nini. Wapo mafundi wanaofunga rababendi za kufungia noti.

Nkuhungu_Boy

Mimi hapo kwenye barua za kaseti tu 😢 Siku hizi voisi noti ya dakika mbili mtu anaona ndefu.

mtoto_wa_mwalimu

Fundi, shikamoo. Nimeisoma nikiwa dukani.

Kwanza ile ya disko. Nikaigeuza nyuma, kibao kinasema volti 100. Muuzaji ananiambia "hiyo ni ya Dubai, haina shida, tunaiwasha kila siku". Nikachungulia chini ya meza, kumbe wana kibadilishi cha umeme ambacho hakiuzwi pamoja nayo. Ningeichomeka nyumbani kwenye 230 ningebaki na moshi.

Technics ni ya 230. Kinanda kimetulia mwanzo na mwisho. Kasoro ni kwamba sauti imezibwa, na upande wa kulia uko chini kuliko kushoto. Niache?

fundi_mstaafu

Marahaba. Usiache. Hapo Dodoma kitu cha kwanza ni vumbi. Omba pamba na spiriti, ufute hedi na kile kijiti cha chuma kinachovuta mkanda, hadi pamba itoke nyeupe. Spiriti iwe isopropili ya asilimia 90 na zaidi. Ile ya kusafishia vidonda wakati mwingine imetiwa mafuta, itakuachia utelezi.

Sauti ikiendelea kuzibwa, pembeni mwa hedi kuna skrubu ndogo, mara nyingi imepakwa rangi isisogee. Hiyo ndiyo ya kunyoosha hedi. Wengine watakukataza kuigusa. Kwa kanda za kuuza dukani wana haki. Lakini mzee alirekodi kwa redio yake, na hedi ya redio ile ilikuwa na mkao wake, kwa hiyo deki lazima iufuate mkao wa redio ya mzee. Icheze kaseti, zungusha robo ya robo kwa bisibisi isiyo na sumaku, simama pale "s" na "sh" zinaposikika kali. Upande wa majibu ya Dar utataka mkao mwingine, maana kaka yake mzee alirekodi kwa redio yake.

tunza_kanda

Naongezea machache kabla hujabonyeza chochote.

Vunja vile vijimlango viwili vya plastiki mgongoni mwa kila kaseti. Vikiwepo, ukikosea kitufe utamfuta baba yako.

Kanda zilizolala miaka mingi zipeleke mbele zote na kuzirudisha mara moja kabla ya kuzicheza. Kama hazizunguki, anza na kalamu ya Bic, ile ya pembe sita. Angalia pia kile kisponji kinachokandamiza mkanda kwenye hedi. Gundi yake hukauka kikadondoka. Usicheze bila hicho. Hamishia mkanda kwenye ganda la kaseti nyingine yenye skrubu.

Dolby, ile swichi ya kupunguza mvumo wa mkanda, izime. Redio ya mwalimu haikuwa nayo, na ukiiwasha inakula sauti za juu.

Toa sauti kwenye matundu ya nyuma ya deki, siyo ya hedifoni, uingize kwenye kifaa cha sauti cha USB chenye mlango wa laini ("line in"). Tundu la laptopu kwa kawaida ni la maikrofoni. Rekodi kwa programu ya Audacity, hifadhi kama faili la WAV, lisilobana sauti. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde na biti 16, stereo, dakika moja ni kama MB 10, kwa hiyo kaseti ya dakika 60 ni karibu MB 600. Sanduku lako lote halifiki GB 35. Nakala ya kwanza usiisafishe wala kuibadilisha kasi. Iache hivyohivyo na makelele yake, ufanyie kazi nakala ya pili.

mtoto_wa_mwalimu

Nimeichukua kwa 105,000, muuzaji alichoka na pamba zangu. Pamba ya kwanza ilitoka rangi ya udongo wa Bahi, naapa. Sauti ya kulia ikarudi yenyewe, na skrubu niliigusa kidogo sana.

Jana nimemwekea mama "Muheme, mavuno". Nilikuwa nimekaa na daftari niandike majina. Akataja wanne bila kusita, wa tano akaniambia zima kwanza. Tumekaa. Kisha akasema, "Huyo anayepiga kigelegele nyuma ni mimi."

Sasa hivi inakwenda "Barua" ya tatu, upande wa Dar, dakika ya 22. Fundi, umeme ukikatika katikati, hivi vitufe vinabaki vimebana mkanda. Niutoeje bila kuukata?

fundi_mstaafu

Bonyeza kitufe cha kusimamisha kwa mkono, hicho kinasukuma mitambo moja kwa moja, hakihitaji umeme. Ukiona mkanda umening'inia, uvute ndani kwa kalamu kabla ya kutoa kaseti. Na msalimie mama.