Mzee amepoteza kumbukumbu, pensheni na kodi za wapangaji wake zinasimamiwaje kisheria?

Binti wa Tabata: Shikamooni wakubwa. Mzee ni mstaafu, ugonjwa wa kusahau umeshamkolea, hata watoto anawachanganya. Pensheni inaingia benki na ana vyumba vya kupangisha. Kadi ya ATM imekwisha muda, benki wanamtaka mwenyewe. Muhtasari wa kikao cha familia, wenye muhuri wa serikali ya mtaa, wameukataa. Tumeshauriwa tuandike hati ya uwakala, yaani ya kumruhusu mmoja wetu atende kwa niaba yake, mzee aweke dole gumba. Inafaa?

Kiapo: Dole gumba liacheni kabisa. Kwa Sheria ya Mikataba, asiyeelewa anachokubali hana uwezo wa kuingia mkataba. Tena uwakala hukoma mwenye mali akipoteza akili timamu, kwa hiyo hata hati aliyoitoa akiwa mzima leo haifanyi kazi. Zile hati zinazoendelea baada ya hapo ni za sheria ya Uingereza ya 2005, msizinakili mtandaoni.

Njia yenu ni mahakama iteue msimamizi wa mali chini ya Sheria ya Afya ya Akili ya 2008. Sio mirathi, mzee yu hai! Mnapeleka maombi na kiapo, ripoti ya daktari, vitambulisho vya NIDA, na orodha ya mali: namba za akaunti, nyumba, kodi ya kila chumba, madeni. Muhtasari wenu ambatanisheni. Benki haukufaa, lakini mahakamani unaonyesha ndugu hawapingi.

Kinachokwamisha wengi ni ripoti ya daktari. Karatasi inayosema tu "ana tatizo la kumbukumbu" haitoshi. Ombeni daktari wa magonjwa ya akili, Muhimbili wapo, aandike ugonjwa, umeanza lini, na kwamba mgonjwa hawezi kusimamia fedha zake. Iwe na tarehe, jina, sahihi na muhuri.

Kaunta Namba 3: Upande wa benki, amri ikisema "asimamie mali" bila kutaja akaunti, inapelekwa kitengo cha sheria na mnasubiri. Ombeni itaje jina la benki, namba ya akaunti, na kwamba msimamizi anaruhusiwa kutoa fedha. Majina yafanane herufi kwa herufi na NIDA. Akaunti ikisoma "Saidi" na kitambulisho "Said", andaeni mapema kiapo cha majina, kinachothibitisha kuwa ni mtu yule yule. Leteni nakala iliyothibitishwa na mahakama, sio fotokopi ya mtaani.

Pensheni nayo ina uhakiki wa wastaafu, yaani kuthibitisha kuwa mstaafu bado yu hai. Ukipita bila kuhakikiwa, malipo yanasimamishwa. Mfuko wa pensheni uarifiwe sasa hivi, msingoje amri.

Mzee Kombo: Ila pimeni kwanza. Kiharusi kikiua mkono tu na akili ipo, mahakama ya nini? Benki inaweza kumtuma ofisa nyumbani achukue dole gumba.

Binti wa Tabata: Asanteni. Na nyumba tukitaka kuiuza atibiwe?

Kiapo: Omba kibali cha mahakama kabla ya kupokea hata senti ya mnunuzi, na kama mama yupo, ridhaa yake ya maandishi. Kodi ipite akaunti ya usimamizi, isiingie kwenye M-Pesa yako. Risiti za dawa, umeme na mshahara wa mhudumu zitunze mwezi baada ya mwezi, maana mahakama itadai hesabu, na ndugu aliyekaa kimya kikaoni ndiye atakayeziuliza.