Grupu thiori ilitokea wapi? Anayejua historia yake anisaidie

mwanachuo_ngongona:
Habari zenu wakuu. Niko mwaka wa pili hesabu chuoni hapa Dodoma, semista hii tumeanza grupu thiori, lekchara kaingia kaandika masharti manne ya grupu ubaoni (ukiunganisha vitu viwili vya kundi unabaki ndani ya kundi, mabano hayabadilishi jibu, kuna kitu kisichobadilisha kingine, na kila kitu kina kinyume chake) tukaanza kuprove. Kuprove naweza, ila nataka kujua nani aliyaona haya masharti na alikuwa anatafuta nini, maana mtu haamki tu akaandika vile.

ticha_mpwapwa:
Mdogo wangu, hayo masharti yalikuja mwisho kabisa, wewe anza na milinganyo. Chukua x² - 5x + 6 = 0, majibu 2 na 3, jumla yake 5 na zao lake 6, na ukiyabadilishana nafasi hiyo 5 na 6 hazitikisiki. Mwanahisabati Lagrange mwaka 1770 akang'ang'ana hapo. Mlinganyo wa kipeo cha 4 (wenye x⁴) una majibu manne, yanapangika kwa namna 24, lakini ukichukua la kwanza mara la pili ujumlishe na la tatu mara la nne, namna zote 24 zinakupa thamani 3 tu! Chukua kalamu ujaribu, ni kitu kizuri mno. Thamani hizo 3 ni majibu ya mlinganyo wa kipeo cha 3, kwa hiyo unashuka mpaka kipeo cha 3 ambacho fomula yake ipo tangu karne ya 16. Na ona 3 inaigawa 24 bila baki, theoremu ya Lagrange mtakayofundishwa (idadi ya grupu dogo huigawa bila baki idadi ya grupu kubwa lililo nalo) imechipukia hapo. Sasa kipeo cha 5 namna ni 120, na njia ileile badala ya kushusha inakupandisha kipeo cha 6, akakwama. Ruffini 1799 akajaribu kuthibitisha kwamba fomula haipo, uthibitisho wake ulikuwa na pengo, halafu Abel 1824 akamaliza: fomula ya jumla ya kipeo cha 5 kwa vipeuo (alama za mizizi kama √) haipo.

binti_area_d:
Naongezea kwa ticha. Galois, kijana Mfaransa, ndo akauliza, sawa, fomula ya jumla haipo, ila mlinganyo huu hapa mbele yangu unatatulika au hautatuliki? Jibu akalipata kwenye mabadilishano ya majibu yake, na yeye ndiye aliyeyaita grupu. Ila jamani ile stori kwamba aligundua yote usiku mmoja kabla ya pambano la bastola tuiache, inamnyima haki yake, kazi alishaipeleka Akademia ya Sayansi Paris na 1831 ikakataliwa kwamba hoja hazijafafanuliwa vya kutosha. Usiku wa 29 Mei 1832 alikuwa anamwandikia rafiki yake Chevalier muhtasari wa kazi zake, tarehe 31 akafariki ana miaka 20. Liouville akaja kuzichapisha 1846.

mwanachuo_ngongona:
Asanteni sana, hii ya 24 na 3 nimeijaribu imekubali kabisa. Sasa yale manne nani aliyaandika?

ticha_mpwapwa:
Cayley, Mwingereza, 1854 alijaribu kuandika grupu kama alama tupu bila kujali ni mabadilishano au namba, wakati wake hawakumfuata sana. Ila tabia zilezile zilishaonekana kwenye namba kwa Gauss 1801, halafu Klein 1872 akaziweka kwenye jiometri, ndipo ikabidi kuwe na maelezo mamoja yanayoshika vyote. Walther von Dyck na Heinrich Weber, wote mwaka 1882, ndio waliosogea karibu kabisa na hicho mlichoandikiwa ubaoni.