Msingi kutitia unaweza kupandisha bili ya umeme?

mwenyenyumba_mchovu:
Wakuu habari zenu. Nyumba yetu ni ya siku nyingi kidogo, sasa upande mmoja umeanza kutitia, kuna ufa umetokea kona ya dirisha la chumbani umepanda kingazi-ngazi kufuata viungo vya tofali, na mlango wa nyuma haufungi mpaka uusukume na bega. Hayo tulishayazoea. Kinachoniumiza kichwa ni bili ya umeme, inapanda tu wakati matumizi ni yaleyale, hatujaongeza kifaa chochote, na AC ya hicho chumba haipumziki, inaunguruma usiku kucha. Fundi wa AC kaja, gesi iko sawa, filta safi, akasema mashine haina shida, mwenye shida ni nyumba. Ni kweli kuna uhusiano au jamaa alitaka tu kuwahi kwingine?

Zege_Kavu:
Kakwambia ukweli huyo. Msingi wenyewe hauli umeme, ila ukititia unavuta na ukuta, fremu za milango na madirisha zinapinda, na pale zinapoachana na ukuta ndo hewa inapita. Zima taa mchana simama ndani ya huo mlango, ukiona mstari wa mwanga pembeni au juu, hapo ndo pesa yako inatokea. Usiku washa udi uupitishe taratibu kwenye maungio ya ukuta na sakafu, moshi ukiyumba kuna upenyo.

Halafu hewa iliyopozwa ni nzito, inashuka, inatokea kwenye nyufa za chini, na nafasi yake lazima ijazwe na hewa ya moto kutoka nje inayoingilia juu. Sehemu za baridi mambo ni kinyume, hewa ya joto inapanda inatorokea darini na baridi inavutwa kupitia nyufa za msingi. Vyovyote vile mashine inafanya kazi ya kupoza au kupasha mtaa mzima.

dada_vipimo:
Zege_Kavu umesahau unyevu, na mimi naona ndo mla umeme mkubwa kuliko hizo nyufa. AC haipozi tu hewa, inakausha pia. Kugeuza kilo 1 ya mvuke kuwa maji inabidi iondoe joto kama kilojuli 2,400, hilo ni joto la kuchemsha lita 7 za maji kutoka nyuzi 20. Sasa kama nailoni ya chini ya jamvi (sakafu ya zege) ilichanika au haikuwekwa kabisa, na ardhi imelowa, zege linanyonya maji kutoka chini na kuyatoa chumbani kimyakimya, nawe unalipia kila tone. Tena udongo uliolowa unapitisha joto haraka kuliko mkavu, kwa hiyo wanaopasha nyumba nao wanaumia, hasa kwenye kingo za jamvi.

Kipimo chake rahisi: kata nailoni ya sentimita 45 kwa 45, ibandike sakafuni kwenye zege tupu kwa utepe wa gundi (selotepu) pande zote nne isipitishe hewa, iache angalau masaa 16. Ukikuta matone kwa chini, unyevu unatoka ardhini. Ukikuta juu ya nailoni, unyevu ni wa hewa ya chumbani.

bwana_peku:
Nyie mnaenda mbali. Funga mabomba yote uangalie mita ya maji, ikiendelea kuzunguka kuna bomba limepasuka chini ya sakafu. Likiwa la maji moto utaona mwenyewe ukitembea peku, kuna sehemu ina joto, na hita haizimi maana inachemshia udongo. Na hayohayo maji ndo yanakula udongo chini ya msingi.

mwenyenyumba_mchovu:
Asanteni sana. Mita ya maji imetulia kabisa, ila mwanga mlangoni upo, kidole kinaingia. Nikiujaza ufa kwa simenti nikapiga plasta itatosha?

Zege_Kavu:
Usijaze kwanza. Weka alama ya penseli mwisho wa ufa, andika tarehe, pima na upana, uufuatilie. Simenti haivutiki, nyumba ikisogea kidogo tu inapasuka tena pembeni yake. Kama umetulia, ziba kwa silanti (gundi ya kuzibia nyufa) inayonyumbulika. Ukizidi kupanuka, au upana umefika milimita 5, tafuta injinia, hilo sio la mimi na wewe kubishania humu.

Anza na maji. Gata zisimwage kwenye ukuta, na ardhi ishuke kutoka nyumbani, kama sentimita 15 ndani ya mita 3 za kwanza. Mlango toa fremu uipange upya halafu weka mpira kuzunguka, mpira peke yake kwenye fremu iliyopinda ni kujidanganya.

dada_vipimo:
Naongezea kitu kimoja watu hawapendi kusikia. Kuchimba na kutia zege chini ya msingi usikufanye kwa ajili ya bili. Hiyo kazi ni ghali, umeme utakaookoa hauwezi kuilipa, unaifanya ili nyumba isianguke. Bili itashushwa na huo mlango na kuuweka udongo mkavu, kwa hiyo fundi akikuuzia kuinua msingi kwa kigezo cha umeme mwambie akuonyeshe kwanza hewa inatokea wapi.

bwana_peku:
Na AC usibadilishe kwa sasa, utanunua kubwa zaidi ipoze nje vizuri zaidi 😂