Gesi ya G3 katika Gundam: kwa nini koloni zima liangamie bila ukuta wake kutobolewa?

Mkazi wa Langoni, Lamu

Assalamu alaikum. Nawaomba msaada waliofuatilia Zeta Gundam, mfululizo wa katuni za vita vya anga ulioanza kuonyeshwa Japani mwaka 1985. Vijana tunaoutazama pamoja tumefika pale wahusika wawili, Quattro na Kamille, wanapoingia ndani ya koloni la anga liitwalo 30 Bunch, na tangu hapo mjadala haujaisha. Tunaelezwa kwamba mwaka 0085 wa kalenda ya hadithi, Titans, kikosi cha serikali iitwayo Shirikisho la Dunia, kilimwaga humo gesi ya sumu ya G3 kwa sababu wakazi walikuwa wakiipinga serikali hiyo, wakafa watu milioni 15. Maiti zimekauka, lakini majengo na barabara ziko vilevile. Je, gesi inaweza kuenea mahali pakubwa kiasi hicho? Na kwa nini kikosi chenye silaha za kutoboa ukuta wa koloni kichague gesi?

Mwalimu wa kemia, Malindi

Waalaikumu salaam, ndugu yangu. Nianze na swali la pili, maana ndilo jepesi. Ukuta ukitobolewa, koloni limeharibika na kila chombo kinachopita kinaona. Gesi huua wakazi na kuacha jengo zima, kisha habari ikafichwa, kama ilivyofichwa kweli katika hadithi. Jeshi la Zeon, dola ya makoloni iliyopigana na Shirikisho, lilikuwa limetangulia kufanya hivyo Januari 0079: liliwaua kwa gesi wakazi wa koloni la Island Iffish ili kuligeuza koloni lenyewe kuwa silaha ya kuangushwa duniani. Lilielekezwa Jaburo, makao makuu ya jeshi la Shirikisho huko Amerika Kusini, likavunjika njiani, na kipande kikubwa kikaiangukia Sydney.

Kuhusu ukubwa, makoloni hayo yanafuata mchoro wa mwanafizikia Gerard O'Neill wa Marekani: mcheduara wenye kipenyo cha kilomita 6 na kitu na urefu wa zaidi ya kilomita 30, unaozunguka ili watu waweze kusimama. Ujazo wake unakaribia kilomita za ujazo 1,000. Ukitaka kuweka miligramu moja tu ya kitu chochote katika kila mita ya ujazo ya hewa hiyo, utahitaji takriban tani 1,000. Kwa hiyo upande wa kiasi naona waandishi wamejirahisishia kazi. Walipofikiri kwa kina ni kwenye hewa yenyewe. Huko Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, Wajerumani waliachia klorini wakiutegemea upepo, na upepo haumtii mtu, kama tujuavyo sisi tunaoishi kwa kaskazi na kusi. Ndani ya koloni hakuna hewa nyingine ya kuingia wala mahali pa kukimbilia. Mitambo inayowapa watu pumzi ndiyo inayowafikishia sumu nyumba kwa nyumba. Ni sawa na kisima cha mji kilichotiwa sumu, ilhali mji hauna kingine.

Msomaji wa Shela

Maelezo ya Mwalimu yametosheleza. Ninaongeza upande wa wanaotumwa. Katika Stardust Memory, hadithi nyingine ya Gundam iliyoanza kutoka mwaka 1991, tunajua kwamba Cima Garahau, kamanda wa Zeon aliyeiachia gesi ile, aliambiwa ni gesi ya usingizi, na baada ya vita wakubwa wake wakamwachia yeye lawama. Kwangu hilo linatisha kuliko maiti zilizokauka, kwa sababu aliyetoa amri hakuhitaji hata kumshawishi mtendaji.

Mkazi wa Langoni, Lamu

Ahsanteni sana. Sasa limezuka swali jingine. Mkataba wa Antaktiki wa Januari 0079 ulikuwa umeshapiga marufuku silaha za kemikali, na Titans ni kikosi cha Shirikisho la Dunia, lililotia saini. Waliwezaje?

Mwalimu wa kemia, Malindi

Mkataba ule ulikuwa wa vita baina ya Shirikisho na Zeon, nao waliouawa 30 Bunch walikuwa raia wa Shirikisho lenyewe. Pengo kama hilo lilikuwamo katika Itifaki ya Geneva ya mwaka 1925, iliyokataza matumizi vitani tu, bila kukataza kutengeneza wala kuhifadhi. Na hata vitani Italia, iliyokuwa imeiridhia, iliwamwagia majirani zetu wa Ethiopia gesi ya haradali mwaka 1935 na 1936. Miaka mitatu baada ya Zeta Gundam kuanza kuonyeshwa, Machi 1988, serikali ya Iraki iliwaua kwa gesi maelfu ya raia wake Wakurdi katika mji wa Halabja. Mkataba unaokataza kutengeneza, kuhifadhi na kutumia silaha hizi katika hali yoyote ile ulifunguliwa kutiwa saini Paris Januari 1993, ukaanza kufanya kazi Aprili 1997. Kwa hiyo vijana wenu wakiuliza kama serikali inaweza kuwafanyia watu wake jambo la namna ile, waonyesheni Halabja.